Kitenge, suti ya kuazima au nguo yako ya rangi moja: uvae nini siku ya kupiga picha Kigoma

Mtu akishapatana na mpiga picha siku na saa, kinachomsumbua baada ya hapo ni nguo. Fundi pale Mwanga ameahidi kitenge kitakuwa tayari Ijumaa. Shemeji ana suti nzuri ya kijivu na hana kinyongo kuiazimisha. Kabatini kuna ile blauzi ya bluu ambayo kila ukiivaa watu wanakusifia. Unabaki kuvaa na kuvua mbele ya kioo, na kila anayepita mlangoni ana ushauri wake.

Napiga picha za watu hapa mjini, studioni na nje, na chaguo zote tatu nimeziona zikitoa picha nzuri sana, na nimeziona zikitoa picha ambayo mwenyewe hataki hata kuisafisha. Nguo iliyompendeza mtu harusini inaweza kumficha kwenye picha, kwa sababu kamera haioni kama jicho linavyoona, na kwa sababu kila picha ina kazi yake. Nitazipitia zote tatu kwa vipimo vile vile, uamue mwenyewe kwa picha yako.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine vyote: picha inakwenda wapi? Picha ya kuambatanisha na maombi ya kazi hutazamwa na mtu asiyekujua, kwa sekunde chache, ikiwa ndogo. Picha ya ukutani sebuleni hutazamwa miaka mingi na watu wanaokujua vizuri. Ya wasifu wa WhatsApp inakatwa duara, mabega yanabaki nusu, na gauni lako refu hakuna atakayeliona. Mtu akinijibu swali hilo, nusu ya maswali mengine yanakuwa yamekwisha.

Cha pili, nguo inafanya nini mbele ya kamera: rangi yake, maua yake, kama inang'aa au haing'ai. Cha tatu, inakaaje mwilini, hasa ukikaa, ukiinua mkono, ukigeuza shingo. Cha nne, nyuma yako kutakuwa na nini. Cha tano, muda na gharama.

Kwanza jua letu

Kabla ya nguo, jambo moja la Kigoma ambalo wageni kutoka Dar es Salaam huwa hawalijui. Saa ya Tanzania nzima ni moja, ila sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi. Jua likiwa utosini, saa yetu inasoma saa saba mchana au hapo karibu. Jioni linazama karibu dakika 40 baada ya kuzama Dar, yaani kwenye saa moja, huko upande wa Kongo ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo mtu anayekuambia "tukutane saa tisa, jua limeshapoa" anahesabu saa za pwani. Kwetu saa tisa jua bado kali, linaangusha kivuli cheusi kwenye macho na chini ya pua. Mwanga mzuri wa nje unaanza kwenye saa kumi na moja na nusu, na ule wa dhahabu kabisa ni kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro.

Ukiwa ufukweni, kumbuka pia upepo. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na gauni jepesi au mtandio usiobanwa utakupa kazi ya kuushika badala ya kutulia. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka Septemba hivi, mvua hakuna lakini vumbi jekundu lipo, na pindo la nguo nyeupe litalichukua kabla hujafika unakokwenda. Masika nyasi zimechangamka na anga imesafishika, ila beba mwavuli na viatu vya kubadilisha.

Kitenge cha kushona

Tuanze na hiki kwa sababu mkoa wetu una vitenge vya kila aina, vinavyovuka ziwa kutoka Kongo na vinavyoshuka kutoka Burundi, na kwa sababu ndicho kinachopendwa kuliko vyote na kinachohitaji kufikiriwa kuliko vyote.

*Mbele ya kamera.* Kitenge kina nguvu. Rangi zake zinaibeba picha hata ikipigwa siku ya mawingu, na ngozi nyeusi au ya maji ya kunde inapendeza nayo sana. Shida ni ukubwa wa maua. Ua kubwa la sentimita thelathini ni zuri kwa picha ya mwili mzima, kwa sababu jicho linaliona lote. Kwenye picha ya kifua na uso, ua hilo linakatwa: unabaki na nusu duara la njano begani na mkia wa tausi chini ya kidevu, na mtazamaji anabaki kuushangaa mkia. Kwa picha ya karibu chagua kitenge cha maua madogo au ya kati, au mwambie fundi aweke kitambaa cha rangi moja kwenye shingo na kifua, kitenge kibaki mikononi na kwenye sketi. Mshono huo unaitoa sura vizuri mno.

Mwambie fundi pia ua kubwa likae wapi. Fundi anayekata kwa kubana kitambaa atakuwekea duara katikati ya tumbo bila kukusudia. Kabla hajakata, tandazeni kitambaa mezani, weka mkono wako pale unapotaka ua liangukie. Ni kazi ya dakika tano, na siku ya picha utaona faida yake.

*Mwilini.* Kitenge kipya kina wanga, ni kigumu, kinasimama badala ya kulala. Kifue kabla ya kukipeleka kwa fundi. Kitalainika, na kama ni cha kupungua kitapungua kabla ya kukatwa. Gauni la kubana linapendeza ukiwa umesimama. Ukikaa kwenye kiti cha studio linapanda magotini na kukunja mikunjo kiunoni, kwa hiyo siku ya kujaribisha kwa fundi usisimame tu: kaa, inama, pandisha mikono kama unayerekebisha kilemba. Kilemba chenyewe ni pambo kubwa kwenye picha, ila kikifungwa kikashuka sana kwenye paji la uso, jua la nje litayaangushia macho kivuli. Kipandishe vidole viwili.

*Mandhari.* Kitenge kinataka utulivu nyuma yake. Ukuta wa rangi moja, pazia la kijivu, maji ya ziwa, au mchanga. Weka kitenge mbele ya lile bango la studio lenye ngazi za dhahabu na mashada ya maua, vitapigana. Kibirizi penye mitumbwi iliyopakwa rangi na dagaa walioanikwa ni mahali pazuri pa picha, lakini kwa mtu aliyevaa kitenge cha rangi tano panakuwa soko juu ya soko.

Kuna njia moja ya kutoka hapo, na ni ya zamani. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako nchini Mali mwaka 1948, aliwasimamisha akina mama wenye magauni ya maua mbele ya kitambaa cha maua, na picha zile leo zinaoneshwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Zilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka, ugomvi wa rangi nao unaondoka. Yanabaki maumbo ya maua na uso uliotulia katikati yake. Kama unakipenda kitenge chako na studio ina bango la maua tu, mwombe mpiga picha akutolee nakala moja isiyo na rangi. Mara nyingi hiyo ndiyo inayokwenda kwenye fremu.

*Muda na gharama.* Hapa ndipo watu wanapoumia. Kuna kitambaa, kuna fundi, kuna vifungo na bitana, na kuna siku za kusubiri. Ahadi ya fundi ya Ijumaa ihesabu kama ya Jumatatu, hasa karibu na Idi, Krismasi na miezi ya harusi. Panga picha angalau wiki moja baada ya siku aliyokuahidi. Uzuri wake ni kwamba hela hiyo haipotei: gauni linabaki lako.

*Inamfaa nani.* Familia, wachumba, mama mjamzito, mtu mzima anayetaka picha ya ukutani, yeyote anayetaka picha iseme anakotoka. Haimfai sana anayehitaji picha kesho, wala anayehitaji picha ndogo ya kazi.

Suti au gauni la kuazima au kukodi

Wapo wanaoona aibu kupigwa picha na nguo isiyo yao. Hakuna sababu. Huyo huyo Keïta aliweka studioni kwake suti, saa za mkononi, redio, mpaka skuta, ili wateja wavitumie, na watu walitoka pale na picha za kujivunia. Picha inaweza kuonesha unakotaka kufika, na hilo ni jambo la heshima.

*Mbele ya kamera.* Suti ya kijivu, ya bluu iliyoiva au nyeusi isiyong'aa inausogeza uso mbele. Shati jeupe ndani yake linaleta mwanga kidogo kidevuni. Jihadhari na suti zile za kumetameta zinazopendwa kwenye sherehe za usiku. Flashi ikizipiga zinatoa madoa meupe begani na kwenye kola, na hakuna kuhariri kunakoyaondoa vizuri. Jihadhari pia na mistari myembamba sana iliyokaribiana, kwenye shati au koti. Kamera za kidijitali, za simu zikiwemo, huichanganya na kuchora mawimbi ya ajabu ambayo kwenye nguo hayapo. Kama huna uhakika, ipige nguo kwa simu ukiwa mbali kidogo, kisha itazame kwenye kioo cha simu.

*Mwilini.* Hiki ndicho kipimo kinachoiamua suti ya kuazima, kwa hiyo nikae nacho kidogo. Angalia mabega kwanza. Mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia; ukishuka mkononi, picha itasema umeazima hata kama hakuna aliyeambiwa. Mikono ya koti ikiwa mirefu fundi anaweza kuishikiza kwa uzi bila kuikata, na siku ya kurudisha anafumua. Kiuno kikiwa kipana, sisi tunalibana koti kwa nyuma kwa vibanio vya nguo, vile vile vya kuanikia. Mbele linakaa kama lilishonwa kwako. Kola ya shati ndiyo isiyo na dawa: ikibaki nafasi ya vidole vitatu shingoni, tafuta shati lingine, na la kwako la kawaida linaweza kuwa bora kuliko la kuazima. Ukikaa, fungua kifungo cha koti. Na ukitaka kujua kama nguo imekukubali, tembea nayo nyumbani nusu saa. Mtu ambaye nguo haijamzoea hupandisha mabega bila kujua, na mabega yaliyopanda yanaonekana kwenye picha kuliko doa.

Gauni refu la kukodi lina tabia zake. Likiwa na mkia, linahitaji mtu wa pili wa kulipanga kila ukisogea. Likiwa wazi mabegani, utakuwa unalivuta juu kila dakika; weka mkanda wa ndani usioonekana au uliachie mtu mwingine.

*Mandhari.* Studio, ngazi za jengo, ukuta safi, ofisi. Jengo la stesheni ya reli, lililobaki tangu enzi ya Wajerumani walioifikisha reli ya kati Kigoma mwaka 1914, linaipa suti hadhi kubwa. Omba ruhusa kwa wahusika kabla hujasimama hapo na kamera, na bandarini vivyo hivyo. Ufukweni suti inataka sababu. Bwana harusi, sawa. Mtu wa kawaida mwenye tai juu ya mchanga wa Bangwe saa kumi jioni atatoka jasho mpaka kola ilowe. Akitaka lazima, avue koti alitundike begani.

*Muda na gharama.* Ya kuazima ni bure ila ina deni la heshima: irudishe imefuliwa na kupigwa pasi, siku mliyokubaliana. Ya kukodi, soma masharti ya doa na kuchanika kabla ya kutoa hela, na uipige picha nguo yenyewe ukiipokea, ili yule mwenye duka na wewe muwe mnaongelea kitu kimoja. Na tafadhali, usile ugali na mgebuka wa mawese ukiwa umeivaa. Doa la mawese haliondoki kirahisi.

*Inamfaa nani.* Mhitimu, anayeomba kazi au anayegombea nafasi, wachumba, mwenye picha ya kazi ya benki, shule au ofisi ya serikali. Haimfai mtu ambaye ndugu zake wakiiona watauliza, "Huyu ni nani?" Picha ya kumbukumbu ya nyumbani iwe na mtu wanayemjua.

Nguo yako ya rangi moja

*Mbele ya kamera.* Ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Blauzi au shati lisilo na maandishi wala maua linampa mtazamaji kitu kimoja tu cha kuangalia: uso. Rangi zinazopendeza ngozi zetu ni zile zilizoiva: damu ya mzee, kijani cha chupa, bluu iliyokolea, zambarau, haradali. Kaki na kahawia inayokaribiana na rangi ya ngozi yako zinakufifisha. Mtu na nguo vinakuwa kitu kimoja. Kijani kikali cha kung'aa au chungwa la koti la usalama barabarani vinarudisha rangi yao chini ya kidevu, na utaonekana kama una manjano.

Nyeupe na nyeusi zinahitaji maneno zaidi, hasa kwa ndugu zangu wa Ujiji, kwa sababu kanzu na baibui ndizo nguo za heshima na watu wanataka kupigwa nazo. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga, hutaka kila kitu kiwe wastani. Ikiona kanzu nyeupe imejaa kwenye picha, inadhani kuna mwanga mwingi, inaupunguza, na uso wa mzee unakuwa giza. Ikiona baibui jeusi, inafanya kinyume: inaongeza mwanga mpaka uso unapauka. Mume mwenye kanzu na mke mwenye baibui kwenye picha moja, kamera inachanganyikiwa kabisa. Dawa ni tatu. Mpiga picha apime mwanga wa uso, asipime nguo. Kwa simu, gusa uso kwenye kioo kabla ya kupiga. Simameni kivulini, si juani, ili weupe na weusi visiachane sana. Na mama avae mtandio wa rangi ya kati karibu na uso, wa buluu au wa zambarau, badala ya mweusi juu ya mweusi. Kofia ya kanzu iliyodariziwa vizuri acha ionekane. Isogeze nyuma kidogo isimezwe na kivuli.

*Mwilini.* Umeizoea, na hiyo ni faida ambayo hakuna fundi anayeweza kuishona. Angalia tu kola iliyochoka, kifungo kilicholegea, kwapa lililofifia. Pasi iwe ya siku hiyo hiyo, na ukiweza nenda nayo mkononi kwenye hanga uvalie huko huko. Bodaboda kutoka Mwandiga mpaka mjini inatosha kuharibu pasi yote.

*Mandhari.* Popote. Kibirizi kwenye mitumbwi, sokoni, bango la maua la studio, chini ya miembe. Ukiwa chini ya mti, jua tu kwamba mwanga unaopita majanini unatia ukijani usoni. Sogea ukingoni mwa kivuli ambako anga inakuangazia. Watu wanaopiga Ujiji, kwenye eneo la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana hapo 1871, hukumbwa na hilo mara nyingi kwa sababu wanataka mwembe uonekane. Uonekane nyuma yako; wewe kaa mbele yake.

*Muda na gharama.* Karibu hakuna. Huna? Mitumba ina mashati ya rangi moja mazuri kuliko mengi ya dukani, ukiamka mapema kuchagua.

*Inamfaa nani.* Mwenye haraka, mwanafunzi, anayehitaji picha ya kazi lakini suti si yake, mzee asiyependa kusumbuliwa, mtu anayepigwa picha ya karibu ya uso. Udhaifu wake ni mmoja: kwa picha kubwa ya familia ya ukutani inaweza kuonekana ya siku ya kawaida mno. Hereni nzuri, kilemba au mkufu mmoja unaliondoa hilo.

Uso, nywele na mikono, vyovyote utakavyovaa

Nywele zisukwe siku mbili tatu kabla. Zikisukwa siku hiyo hiyo, ngozi ya paji inavutwa na macho yanakuwa na maumivu ambayo tabasamu haliyafichi. Ndevu na kichwa nyoa siku moja kabla, vipele vipate kutulia. Mwenye wigi alichane nyumbani, na alijaribu kwenye jua kuona kama mstari wake unaonekana.

Poda ndiyo inayonihuzunisha. Akina dada wengi wanapaka rangi mbili tatu nyeupe kuliko ngozi yao, wakiamini picha inataka hivyo. Imani hiyo ina chanzo. Rangi za picha za filamu ya Kodak kwa miaka mingi zilirekebishwa wakati wa kusafisha kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikatoka bila sura: ndiyo maana kwenye baadhi ya picha za zamani za harusi bibi yako anaonekana meno na macho tu. Kamera za leo hazina ugonjwa huo ikiwa mwanga umepimwa vizuri. Fandesheni ifanane na shingo yako. Ijaribu hivi: paka, simama gizani, jipige kwa simu ukiwasha flashi. Uso ukitoka wa kijivu au mweupe na shingo ikabaki nyeusi, hiyo poda au hayo mafuta ya kuzuia jua yanarudisha mwanga wa flashi, tafuta mengine.

Mafuta ni kwa mikono, miguu na viwiko, ili ngozi isipauke. Usoni pangusa, paji na pua vinavyong'aa vinavuta jicho kuliko macho yenyewe. Beba kitambaa safi, utakihitaji. Mwenye miwani asiivue kama ndiyo sura yake. Ainue vikono vyake kidogo tu juu ya masikio, vioo vitainama na taa haitaonekana ndani yake.

Kwa hali yako

Picha ya maombi ya kazi: rangi moja iliyokolea, au suti ikiwa mabega yamekubali. Kitenge subiri siku nyingine, isipokuwa kazi yenyewe ni ya ubunifu, ushonaji au utamaduni.

Familia nzima: kitenge, lakini msivae wote gauni na shati la kitenge kimoja kutoka shingoni hadi miguuni. Watu saba wa namna hiyo wanakuwa ukuta wa maua wenye vichwa. Kipande cha yadi sita kigawanyeni: mama gauni, watoto sketi au kola tu, baba na vijana mashati ya rangi moja iliyochotwa kwenye kitenge hicho. Familia inaonekana moja na kila uso unaonekana.

Wachumba: mmoja mwenye maua, mwingine rangi moja. Ufukweni jioni, kitambaa kizito kidogo kisichopeperuka, miguu peku au viatu vya wazi.

Mama mjamzito: kitenge laini au gauni la rangi moja la kuvutika, lisilobana kifuani. Upigwe asubuhi au jioni, uwe umekula, na kiti kiwe karibu. Mimba ikiwa kubwa, usikubali kusimamishwa muda mrefu kwa sababu ya pozi.

Mtoto mdogo: nguo anayoijua. Nguo mpya inayowasha shingoni itakupa picha za kulia tu. Mpige baada ya kulala na kula.

Mzee: muulize mwenyewe. Wapo wanaotaka kanzu, wapo wanaotaka kaunda suti aliyostaafia, wapo wanaotaka kuonekana na jembe au nyavu. Umri wa kuchaguliwa nguo ulishampita.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, njoo nazo zote, ukimwambia mpiga picha mapema ili apange muda. Anza na ile safi inayohitaji pasi, studioni, uso ukiwa bado mkavu. Maliza na ile ya kawaida nje jioni, saa kumi na mbili, ukiwa umeshaizoea kamera. Kwenye mfuko weka pini za kufungia, uzi na sindano, kitambaa cha kupangusia, chupa ya maji na viatu vya kutembelea. Picha zikitoka, usichague siku hiyo hiyo ukiwa umechoka. Zitazame kesho yake na mtu mmoja anayekupenda.